Kifua kinadunda kama sindimba, kumbe wala sifi!

Kama umelishika gazeti hili ndani ya daladala, umebanwa katikati ya ndoo ya dagaa na begi la mwanafunzi, basi tulia hapo hapo. Kisa changu cha wiki hii kilianzia kwenye kiti kama hicho ulichokalia. Na kama umesimama, pole sana, shikilia bomba vizuri tuendelee.

Ilikuwa asubuhi moja ya Machi 2023. Nimepandia Mbagala Rangi Tatu, naelekea Kariakoo, foleni imetukamata Mtongani. Konda anagombana na mama mmoja kuhusu chenji. Mimi niko dirishani, sina hili wala lile, naangalia wauza maji wanavyopenya kati ya magari. Mara moyo ukaruka. Si kuruka kwa mtu aliyemwona mpenzi wake wa zamani, la hasha! Uliruka kama chura, ukatua, kisha ukaanza kwenda mbio kama unataka kuniacha mwenyewe pale dirishani.

Nikajikohoza kidogo, nikidhani ni gesi. Wapi! Kifua kikabana. Nikavuta hewa, nikaona haitoshi. Nikavuta nyingine. Vidole vya mikono vikaanza kufa ganzi, halafu midomo, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Jasho jembamba likanitoka, na mikono yenyewe imekuwa ya baridi kama ya maiti. Macho yakaona kiza pembeni. Hapo likanijia wazo moja tu: mtoto wa watu nakufa, nafia kwenye daladala, na mfukoni nina nauli ya kurudi.

"Konda, shusha!" Nikapiga kelele. Konda akanicheka, "Hapa si kituo, kaka." Nikashuka hivyo hivyo, nikamkanyaga mtu mguu, nikakaa juu ya kalavati. Kijana mmoja wa maji akanipa chupa bila kunidai, akaniambia kwa huruma, "Braza, hiyo presha. Dingi yangu aliondoka nayo."

Jamani, kuna faraja nyingine bora mtu asipewe!

Baada ya kama dakika ishirini mambo yakatulia yenyewe. Mwili ukabaki umechoka kana kwamba nimelima shamba zima. Nikaenda kwenye zahanati moja ya mtaani. Nikapimwa damu, nikapimwa mkojo, nikaambiwa nina malaria, taifodi na UTI. Wewe msomaji wa Dar unawajua hao ndugu watatu, hawatembei peke yao. Nikatundikiwa dripu, nikalipa shilingi 48,000, nikarudi gheto nikiwa na mfuko wa vidonge. Nikamaliza dozi zote. Wiki iliyofuata, nikiwa kwenye foleni ya benki, chura akaruka tena.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo sikumwambia yule wa zahanati, maana hata hakuniuliza. Mimi wakati ule, mbali na kuandika makala za kulipwa moja moja, nilikuwa nakaa kwenye kibanda cha mtu cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Januari ya mwaka huo nilipigwa. Alikuja bwana mmoja mtanashati, akanichanganya kwa maneno na meseji za uongo, akaondoka na floti ya shilingi 800,000. Mwenye kibanda akasema nitazilipa kidogo kidogo, na akinifukuza kazi nitazilipa vile vile. Toka siku hiyo nikawa silali. Nikilala naota simu inaita. Mchana nasinzia, basi nakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, viwili mpaka vitatu kwa siku. Nyumbani sikusema. Nilikuwa mtoto wao wa mjini, wa kidato cha nne, mwenye jina gazetini. Ningeanzia wapi?

Basi moyo ukawa ndio unasema badala ya mdomo.

Kufikia Mei nilikuwa nimejenga jela yangu mwenyewe. Daladala sipandi, kwa sababu mara ya kwanza ilitokea humo. Benki siendi, kwa sababu mara ya pili ilitokea huko. Natembea kwa miguu toka Mbagala mpaka Mtoni, nafika nimeloa. Saluni sikai, kwa sababu ukishafungwa kile kitambaa shingoni huwezi kutoka mbio. Washikaji wakaniona naringa. Demu wangu akadhani nina mwingine. Mwisho kibanda nikakiacha, deni nikabaki nalo, nikapiga simu Mkunya. "Mama, naumwa moyo. Narudi nyumbani."

Kwa wasiopajua, Mkunya iko wilaya ya Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, kusini kabisa. Kwa basi unalala na kuamka uko barabarani. Daraja la Mkapa pale Rufiji nililivuka nimefumba macho, nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, abiria wa jirani akidhani nasali. Kwa kweli nilikuwa nasali. Tulipofika Masasi, milima ile ya mawe ikanitazama, nikabadili gari, tukaanza kupanda kwenda Newala, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nikajisemea, kama nitakufa, afadhali nifie karibu na kwetu.

Mama alinipokea kwa kilio. Nilikuwa nimekonda kweli. Siku hiyo hiyo kikao kikakaa. Huku kwetu mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mtoto, akisema yeye baba anasikiliza, na baba yangu ni marehemu, kwa hiyo mjomba alisema mara mbili. Akanitazama kwa muda, akatema ugoro, akasema, "Njomba, wewe una ntu. Ntu kakukalia kifuani."

Maana yake, nina jini. Wakati ule mimi mwenyewe nilishaanza kuamini. Kitu gani kingine kinakuja bila taarifa, kinakukaba, kinakuacha, na daktari akipima hakioni?

Mganga akapatikana. Simtaji, na wala simdharau, ni mtu mzima mwenye heshima zake. Akasema jini litatolewa kwa ngoma ya siku saba, na gharama zikatajwa. Mama pesa taslimu hana. Anacho alichoachiwa: mikorosho kumi na miwili nyuma ya nyumba. Kama huijui korosho ya kwetu, nikuambie hivi: ada ya shule ni korosho, bati ni korosho, sanda ni korosho. Mama akatafuta mtu wa kuwekea rehani miti yote kumi na miwili, misimu miwili mfululizo. Yaani mwaka huo na mwaka unaofuata, yeye angepita chini ya miti yake akiwatazama watu wengine wakiokota.

Mimi nilijua? Nilijua. Nilinyamaza? Nilinyamaza. Mtu akiogopa kufa, msomaji wangu, haulizi bei.

Kilichoniokoa ni mambo madogo tu. Wiki moja kabla ya ngoma nilipatwa usiku, nikamwamsha mama, na asubuhi akanipeleka kwenye kituo cha afya kwa ajili ya sindano ya kupunguza maumivu. Tulimkuta dada mmoja dokta, kijana tu, pengine amenizidi miaka mitatu. Akasikiliza moyo. Akapima presha mara mbili, nikiwa nimekaa na nikiwa nimesimama. Akaangalia macho na shingo, akapima wingi wa damu na sukari, akaniuliza kama nikipanda kilima au nikibeba ndoo kifua kinauma. Nikamjibu kwamba nikibeba ndoo sijambo kabisa, balaa linanipata nikiwa nimekaa. Akaniandikia nikapige kipimo cha umeme wa moyo kwenye hospitali kubwa. Kikatoka safi.

Tuliporudi na karatasi, akamwomba mama asubiri nje. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Kabla ya hii ya kwanza, kaka yangu, kitu gani kilikupata?"

Miezi mitatu, vidonge mifuko miwili, mganga mmoja, na hakuna aliyeniuliza swali hilo. Nikamweleza ya floti. Nikalia mbele ya mtoto wa kike, mimi mwanaume niliyepita jando. Hakucheka. Akanisogezea kiti, akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa ajili yako wewe unayeficha kama nilivyoficha mimi.

Alisema hivi. Mwili una king'ora chake. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo, na ubongo ukiona hatari, tezi hizo zinamwaga kwenye damu kitu kinaitwa adrenalini. Hapo moyo unakwenda mbio ili upeleke damu kwenye mapaja, ukimbie au upigane. Damu inapungua kwenye ngozi, ndiyo maana mikono inakuwa ya baridi. Jasho linatoka kuupoza mwili. Tumbo linasimamisha kazi, ndiyo maana unasikia kichefuchefu au unatafuta choo. Yote hayo ni ya kukuokoa ukikutana na chui njiani. Shida ni kwamba mimi chui wangu alikuwa deni, na deni hulikimbii kwa miguu. King'ora kikazoea kulia chenyewe, hata ndani ya daladala.

"Na huku kufa ganzi?" nikamuuliza.

"Huko ni kuvuta hewa kupita kiasi," akasema. "Unadhani hewa haitoshi, kumbe imezidi. Ukihema haraka haraka unaitoa nje hewa ya kaboni, damu inabadilika kidogo, mishipa ya kwenda kichwani inajibana, unaona kizunguzungu na vidole vinafanya ganzi. Haikuui. Ukipunguza kuhema inarudi."

Halafu akasema lile ambalo mpaka leo nalikumbuka nikiamka. Kwamba mshtuko wa namna ile hupanda mpaka kileleni kwa dakika kama kumi hivi, kisha hushuka, hata usipofanya kitu. Mwili hauwezi kukaa kileleni siku nzima. Kinachourudisha juu ni wewe kuuogopa: moyo unadunda, unaogopa kudunda, unadunda zaidi kwa sababu umeogopa. Na kila unaposhuka kwenye gari kwa kukimbia, ubongo unajifunza somo la uongo, kwamba umepona kwa sababu ulikimbia.

Nilipokuwa natoka akaniambia nisione aibu, maradhi haya hayachagui. Baadaye nilitafuta mwenyewe, nikakuta kumbe ni ya zamani. Daktari mmoja wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika mwaka 1871 kuhusu askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865. Wanaume wa shoka, waliobeba bunduki, wanalalamika moyo kwenda mbio, kifua kubana na pumzi kukata, na wengi wao ukiupima moyo huoni ugonjwa. Wakauita moyo wa askari. Na Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na matatizo ya wasiwasi. Milioni 301! Sasa nani ana majini mengi kiasi hicho ya kugawa?

Basi nikaanza mazoezi. Sitakudanganya kwamba ni rahisi.

La kwanza, pumzi. Huku kwetu juu maji ni shida ya toka enzi, kwa hiyo nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Kuteka ilikuwa kazi yangu toka utotoni. Sasa ukishusha ndoo kwa papara inajigonga ukutani, unatifua uchafu wa chini. Lazima uiachie kamba polepole. Nikafanya hivyo hivyo na pumzi: navuta kwa pua nikihesabu mpaka nne, tumbo linajaa, halafu naiachia kwa mdomo nikihesabu mpaka sita au saba, kama naishusha ndoo. Siri iko kwenye kutoa. Ukitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, moyo wenyewe unapunguza mwendo. Nilifanya asubuhi na jioni, nikiwa mzima, ili siku ya balaa mwili uwe unaijua njia.

La pili, makopo. Vile vinywaji vya nguvu nikaviacha, maana kafeini inauchapa moyo ulioshachapwa. Nikaumwa kichwa siku tatu, kikaisha. Na pombe pia. Kwetu msimu wa mabibo uraka unatiririka, na wapo wanaosema glasi mbili zinatuliza. Zinatuliza usiku. Asubuhi yake zinakurudishia wasiwasi wako na riba juu. Vidonge vya usingizi vya kununua kienyeji dirishani nikakatazwa kabisa: aina ile ya Valium mwili unaizoea haraka, na kuiacha ni kazi nyingine. Dawa za ugonjwa huu zipo, lakini azitoe daktari aliyekupima.

La tatu ndilo lililonitoa jasho. Kurudi pale pale ninapopaogopa, kidogo kidogo, na kutokimbia. Dokta aliniambia niandike ngazi. Ngazi ya kwanza, nikakae ndani ya gari lililosimama stendi ya Newala, dakika kumi, bila safari. Nikamlilia hali dereva mmoja, akanitazama kama kichaa, akasema kaa tu ila ukija abiria unampisha. Dakika ya tatu chura akaruka. Nikaweka nyayo chini, nikaangalia vitu vitano na kuvitaja kimoyomoyo: usukani, ndala, gunia la muhogo, kuku amefungwa miguu, kofia ya baraghashia. Nikamwambia moyo, dunda, nipo, sikimbii. Ukadunda. Kisha, kama alivyosema yule dada, ukachoka wenyewe. Nilishuka nimelowa mgongo mzima lakini nacheka peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsubiri mpaka aondoke yeye kwanza.

Wiki iliyofuata nikapanda kituo kimoja. Kisha viwili. Kisha mpaka Kitangari na kurudi.

Lakini nyumbani jambo lilikuwa bado bichi. Ngoma ya mganga imekaribia, na mama ameshapokea malipo ya mwanzo, miti miwili imeshaandikishwa kwa mtu. Ilibidi niseme, na kusema kwenyewe ndiko kulikonitisha kuliko daladala. Nikimwambia mama sina jini, atauliza una nini? Nikisema ni wasiwasi, ni mambo ya akili, atasikia neno moja: wazimu. Kijijini neno hilo likishatoka mdomoni halirudi.

Nikamfuata jioni, amekaa jikoni anachambua ming'oko. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote, ya tapeli, ya 800,000, ya kutolala, ya king'ora. Nilitegemea atanigombeza kuhusu pesa. Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza, "Na vidole vinakufa ganzi?"

"Ndiyo, mama."

"Na unaona kama kaburi liko hapa hapa?"

Nikashangaa. "Mama, nani kakuambia?"

Hakuninyanyulia uso. Akasema, "Mwaka ule wa jeshi."

Wa kusini wenzangu mnaukumbuka. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnadani, wakasema ni ndogo. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, kila mtu akawa anasubiri zamu yake. Mama alikuwa mjane, mdogo wangu yuko sekondari, na duka lilikuwa limeshamkopesha dawa ya kupulizia. Akaniambia kila usiku ule moyo ulimwenda mbio mpaka anatoka nje kukaa kwenye ukingo wa kisima. Alidhani anakufa. Hakumwambia mtu, wala mimi aliyekuwa ananipigia simu kila Jumapili na kusema, "Huku kwema, mwanangu."

"Uliponaje?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naenda kwa mama fulani, jirani. Na yeye halali. Tunakaa tu. Tunaongea mpaka jogoo."

Wapenzi wasomaji, nilikaa mjini kote nikijiona wa kwanza duniani, kumbe ugonjwa wangu uko jikoni kwetu toka 2018, unachambua ming'oko. Yeye aliuficha asinipe wasiwasi, mimi nikauficha nisimpe wasiwasi, na sote wawili tukawa nao.

Huyo mama na jirani yake, bila kujua, walikuwa wanafanya kitu ambacho wenzetu wamekifanya kuwa tiba. Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Mwaka 2006 alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye mawazo. Si madaktari, ni bibi zetu tu wenye masikio. Wanakusikiliza, mnachagua tatizo moja, mnapanga hatua moja ya kulifanyia. Mwaka 2016 matokeo yakachapishwa kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani, JAMA: waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida. Kishona wana neno lao la ugonjwa huo, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Na sisi si tunasema hivyo hivyo? "Fulani ana mawazo." Neno tunalo siku zote. Benchi ndilo tumelisahau.

Mikorosho ikaishia wapi? Mama alimwendea mganga kwa heshima, na mjomba. Mjomba alinuna siku mbili, kisha akasema kama si jini basi asomewe dua ya nyumbani, isiyo na gharama. Tukasoma, nikaitikia amina kwa moyo wote, na chai ikanywewa. Mganga hakurudisha alichokwishapokea. Ile miti miwili ikaenda misimu yake miwili. Kumi ikabaki. Oktoba ile mama aliokota chini ya kumi, na kila nilipopita chini ya ile miwili nilijua ni bei ya kunyamaza kwangu.

Nilirudi Dar Novemba. Darajani Rufiji nilifumbua macho, nikauona mto. Deni la floti nililipanga upya na mwenye kibanda, ana kwa ana, nikalimaliza kwa mwaka mmoja na ushee. Na chura je? Bado anakuja. Mara moja kwa miezi miwili mitatu, hasa nikikosa usingizi. Wiki iliyopita amenijia hapo hapo Mtongani, utadhani ana kumbukumbu. Nikaweka nyayo chini, nikashusha ndoo yangu polepole. Konda akauliza, "Braza, unashuka?" Nikamwambia, "Nafika mwisho wa gari."

Sasa nisikilize vizuri, usije ukasema gazeti limekudanganya. Si kila kifua kinachobana ni wasiwasi. Kama maumivu yanakuja ukitembea au ukibeba mzigo, yanasambaa kwenye mkono au taya, kama umezimia, kama unahema kwa shida na una homa, kimbilia hospitali leo, si kesho. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, sukari kushuka na pumu navyo vinaweza kukuletea dalili kama hizo. Kwanza pimwa. Lakini ukishapimwa ukaambiwa moyo ni mzima, usiende kutafuta kipimo cha kumi. Tafuta mtu wa kumwambia kilichotangulia. Na kama mawazo yamefika mahali unaona heri usiwepo duniani, hapo usisubiri hata usiku uishe, mwamshe mtu, akupeleke.

Na wewe ambaye hujawahi kupatwa, ukimwona kijana ameshuka kwenye gari kakaa kwenye kalavati anahema, usimwambie ni presha iliyomwondoa dingi yako. Kaa pembeni yake. Mwambie itapita, maana kweli itapita. Halafu, akishatulia, muulize lile swali la yule dada dokta.

Mimi mama yangu tunapigiana simu kila Jumapili kama zamani. Siku hizi akisema huku kwema, namuuliza mara ya pili: kwema kweli? Kuna Jumapili anajibu hapana, na hapo tunaongea mpaka vocha inakatika.

Haya, kituo changu kimefika. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.